Uume Uliopinda Tangu Kuzaliwa: Mwongozo wa Upasuaji, Kuanzia Kupima Mpindo Hadi Kurudi Kwenye Tendo la Ndoa

Uume uliopinda tangu kuzaliwa hauonekani ukiwa umelala. Mtoto anakua, anaogeshwa, anatahiriwa, na hakuna anayeona kitu. Ni baada ya kubalehe, uume unapoanza kusimama kwa nguvu, ndipo kijana anaona umeelekea chini au ubavuni. Hapo wengi hunyamaza. Hana wa kujilinganisha naye, kumuuliza baba ni aibu, na rafiki atacheka. Wapo wanaofika kwa daktari wakiwa na miaka thelathini, baada ya kuvunja uchumba au kukwepa ndoa kwa sababu ya jambo ambalo upasuaji wa saa moja au mbili ungelimaliza.

Wapo pia wanaoomba kupasuliwa mpindo ambao hauna tatizo lolote. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza mbali kidogo na kisu, kwa sababu uamuzi ndio sehemu ngumu.

Hatua ya 1: Hakikisha mpindo ni wa kuzaliwa

Ndani ya uume mna mihimili miwili ya nyama laini kama sponji, iliyolala bega kwa bega. Damu ikijaa humo, uume unasimama. Mihimili hiyo imefunikwa na utando mweupe, mgumu lakini unaovutika kiasi. Chini yake unapita mrija wa mkojo. Kwa mtu aliyezaliwa na mpindo, utando wa upande mmoja unavutika kuliko wa upande wa pili. Damu ikijaa, upande mrefu unaendelea kurefuka wakati upande mfupi umeshafika mwisho, na uume unapindia kwenye upande mfupi. Kwa wengi unaelekea chini, kwa wengine kushoto au kulia. Kuelekea juu ni nadra zaidi. Wengine wana mchanganyiko, chini na ubavuni kwa pamoja.

Hapa hakuna kovu wala ugonjwa unaoendelea. Mpindo uliouona ukiwa na miaka kumi na sita ndio utakaokuwa nao ukiwa na arobaini. Haukuletwa na punyeto, wala na nguo za ndani za kubana, wala na kulalia upande mmoja. Mzazi naye hakukosea popote.

Sasa angalia kama hali yako inafanana na hizi nyingine tatu, maana matibabu yake ni tofauti.

Ya kwanza ni ugonjwa wa Peyronie, uliopewa jina la François Gigot de la Peyronie, daktari wa upasuaji wa mfalme wa Ufaransa, aliyeueleza mwaka 1743. Huu huja ukubwani, mara nyingi baada ya miaka arobaini. Uume uliokuwa umenyooka unaanza kupinda, mara nyingi kwa maumivu, na ukipapasa unakuta sehemu ngumu kama gegedu chini ya ngozi. Hilo ni kovu ndani ya utando. Mgonjwa wa Peyronie husubirishwa miezi kadhaa mpaka ugonjwa utulie kabla ya kupasuliwa. Wewe wa kuzaliwa huna cha kusubiri.

Ya pili ni tundu la mkojo kuwa chini ya uume badala ya kwenye ncha. Hali hiyo mara nyingi huambatana na mpindo wa kuelekea chini, na kwa kawaida hurekebishwa utotoni, mambo yote mawili kwa pamoja. Kama tundu lako haliko kwenye ncha, mwambie daktari mapema, kwa sababu upasuaji wake ni mwingine.

Ya tatu ni kuumia. Kama uliwahi kusikia mlio wa kitu kukatika wakati wa tendo, uume ukalegea ghafla na kuvimba ukawa mweusi, utando ulichanika. Mpindo uliokuja baada ya hapo ni wa kovu.

Hatua ya 2: Upime mpindo nyumbani

Daktari atakuona uume ukiwa umelala, na ukiwa umelala hauna cha kumwonyesha. Usipokuwa na picha, itabidi akuchome sindano ya kuusimamisha palepale kliniki. Madaktari wengine hufanya hivyo hata kama picha ipo, na si vibaya, ila picha nzuri inaokoa muda na inaonyesha hali halisi ya nyumbani.

Piga picha tatu, uume ukiwa umesimama kikamilifu: moja kutoka juu, wewe mwenyewe ukiwa wima na kutazama chini, moja kutoka ubavuni simu ikiwa usawa wa uume, na moja kutoka mbele. Picha ya ubavuni ndiyo inayoonyesha mpindo wa chini au juu, na ya kutoka juu inaonyesha wa kushoto au kulia. Usiushike uume wakati wa kupiga, maana mkono unaunyoosha bila wewe kujua. Uso usionekane, wala kitu chochote cha kukutambulisha ukutani. Kabla ya kupiga, zima ile huduma ya simu inayohifadhi picha mtandaoni zenyewe. Wengi huisahau hii, kisha picha zinatokea kwenye kompyuta ya familia. Mwonyeshe daktari kwenye simu yako mwenyewe. Usizitume kwenye kundi lolote la ushauri, hata likiitwa la siri.

Kupima ni rahisi. Kwenye picha chora mstari unaofuata shina la uume, kisha mwingine unaofuata sehemu ya mbele baada ya kona. Pembe kati ya njia ya shina na njia ya ncha ndiyo mpindo wako. Uume ulionyooka kabisa ni digrii 0, na ncha inayotazama chini kabisa wakati shina limelala sawa ni digrii 90. Kipima-pembe cha mwanafunzi kinatosha. Andika namba hiyo, na andika pia kona inaanzia wapi: karibu na shina, katikati, au karibu na kichwa.

Hatua ya 3: Jiulize kama kweli unahitaji kisu

Uume mwingi haunyooki kama rula. Digrii kumi au kumi na tano ni hali ya kawaida ya mwili, na kwa maoni yangu daktari anayekubali kupasua mpindo wa namna hiyo bila maswali ni wa kuogopwa. Kwa kawaida upasuaji huanza kuzungumziwa mpindo ukizidi digrii 30, lakini namba peke yake haiamui. Digrii 30 za kuelekea chini zinaweza kusumbua kuliko digrii 40 za kuelekea juu, kwa sababu ya jinsi miili inavyokutana.

Maswali ya kujibu kwa ukweli ni haya. Je, unaweza kuingia bila kutumia mkono kuuelekeza kila mara? Je, unateleza na kutoka katikati ya tendo? Je, mwenzi wako anaumia, hata mkibadilisha mikao? Je, wewe mwenyewe unaumia? Na kama hujawahi kufanya tendo kabisa, ni mpindo unaokuzuia au ni hofu ya kuonwa?

Hilo la mwisho si dogo. Kuna mtu mwenye digrii 25 ambaye angefanya tendo bila shida yoyote, lakini hajamkaribia mwanamke kwa miaka. Upasuaji unaweza kumsaidia, na madaktari wengi wanakubali kwamba mateso ya moyo ni sababu halali. Ila kama kipimo chake cha uume wa kawaida ni video za ngono, kuunyoosha hakutamtosheleza. Atatoka hapo akianza kulalamikia urefu. Mtu kama huyu aongee kwanza na mshauri wa masuala ya ndoa na ngono, kisha arudi kwenye swali la kisu akiwa ametulia.

Kitu kingine: angalia nguvu ya kusimama. Mpindo wa kuzaliwa kwa kawaida haupunguzi nguvu. Kama uume hausimami vizuri, hilo ni tatizo la pili linalohitaji uchunguzi wake, na lijulikane kabla ya upasuaji. Vinginevyo baadaye mshono utalaumiwa kwa kosa lisilo lake.

Kuhusu dawa, jibu ni fupi. Hakuna kidonge, mafuta, vitamini wala kifaa cha kuvuta kinachonyoosha mpindo wa kuzaliwa wa mtu mzima. Kuna sindano ya kimeng'enya kiitwacho kolajenasi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa ugonjwa wa Peyronie, ambayo kazi yake ni kuyeyusha kovu. Wewe huna kovu, kwa hiyo haina cha kuyeyusha. Anayekuuzia mkanda au mafuta ya kunyoosha anachukua pesa yako tu.

Umri nao una nafasi. Ni busara kusubiri balehe iishe na uume umalize kukua. Kijana wa miaka kumi na tano anaweza kuonwa na daktari na kutulizwa moyo, lakini kwa kawaida mshono husubiri hadi awe mtu mzima anayeweza kujiamulia.

Hatua ya 4: Zielewe njia za upasuaji na bei ya kila moja

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Ukiielewa sehemu hii, mazungumzo yote na daktari yanakuwa mepesi.

Mpindo unaweza kuondolewa kwa njia mbili: kuufupisha upande mrefu au kuurefusha upande mfupi. Kwa mpindo wa kuzaliwa, karibu kila mara huchaguliwa kufupisha. Fundi cherehani akikuta upande mmoja wa nguo umezidi, anaubana kwa uzi mpaka pande zote zilingane, na kazi ya hapa ni hiyo hiyo, ila inafanyika kwenye ule utando mweupe ndani ya uume.

Njia ya zamani inayojulikana zaidi ni ya Nesbit, daktari wa Marekani aliyeieleza mwaka 1965 akitibu mipindo ya kuzaliwa. Daktari anakata kipande kidogo cha utando chenye umbo la jicho kwenye upande mrefu, kisha anaufunga mwanya kwa nyuzi. Ni njia ya kuaminika. Kwa kuwa utando unakatwa kweli, kovu lake huwa imara.

Mwaka 1990 daktari Yachia alieleza namna nyingine: badala ya kuondoa kipande, unakata mstari mdogo unaofuata urefu wa uume, kisha unaufunga kwa kuuvuta upande upande. Mstari wa wima unakuwa wa mlalo, na utando unafupika bila chochote kutolewa.

Ya tatu haikati utando kabisa. Nyuzi zisizoyeyuka zinapitishwa kwenye utando, zinakazwa, na utando unajikunja ndani. Madaktari Essed na Schröder waliieleza mwaka 1985, na tangu hapo imeboreshwa kwa namna nyingi, mojawapo ikiwa ile ya nukta kumi na sita ambapo daktari anaweka alama za wino kuonyesha kila uzi utaingilia wapi na kutokea wapi. Uzuri wake ni wepesi na usalama kwa mishipa. Ubaya wake ni kwamba kila kitu kinategemea uzi. Ukikatika au ukilegea, mpindo unaweza kurudi, na mafundo yake unaweza kuyahisi chini ya ngozi kama punje za mchele. Wengine huzoea, wengine huudhika nayo.

Ipo pia njia ya kuizungusha mihimili miwili kwa ndani ili mivutano yake ipingane. Lengo lake ni kunyoosha bila kupoteza urefu, lakini ni kazi kubwa zaidi na inataka mkono wenye uzoefu nayo.

Kurefusha upande mfupi kwa kuukata na kuweka kiraka ni kazi inayofanywa zaidi kwenye Peyronie. Hatari ya kudhoofisha nguvu za kusimama ni kubwa kuliko kwenye kubana, na kijana mwenye nguvu timamu hana sababu ya kuingia kwenye hatari hiyo ila kama uume ni mfupi sana au umepinda kupita kiasi.

*Bei yenyewe ni urefu*

Kila anayebanwa upande mrefu anapoteza urefu fulani. Daktari akikwambia hutapoteza chochote, muulize tena. Hesabu yake ni ya jiometria. Chukua uume wenye kipenyo cha sentimita 4 uliopinda digrii 30. Tofauti kati ya upande mrefu na upande mfupi ni kama sentimita 2. Upasuaji unaushusha upande mrefu ulingane na mfupi. Ukipima kwa kupitisha rula kwenye upande mrefu, utaona sentimita 2 zimekwenda. Ukipima katikati, ni kama sentimita 1. Ukipima kwenye upande mfupi, hakuna kilichopungua. Mpindo ukiwa wa digrii 60, namba hizo zinakuwa mara mbili. Ndiyo maana wanaume wawili wenye matokeo yanayofanana, mmoja anafurahi na mwingine analia: waliweka rula mahali tofauti.

Mwenye uume mpana anapoteza zaidi kuliko mwembamba kwa mpindo ule ule. Habari njema ni kwamba wengi wenye mpindo wa kuzaliwa wana uume wenye urefu wa kutosha, na urefu unaotumika katika tendo unaweza kuongezeka uume ukinyooka, hata kama rula inasema umepungua. Lakini pima kabla, na umwombe daktari naye aupime ukiwa umevutwa na kuandika kwenye faili. Baada ya miezi sita kumbukumbu hudanganya.

Hatua ya 5: Muulize daktari kabla ya kusaini

Mtafute daktari bingwa wa mfumo wa mkojo anayefanya upasuaji huu mara kwa mara. Usiridhike na aliyeuona tu alipokuwa masomoni. Kumuuliza amefanya mingapi si utovu wa adabu. Maswali yenye uzito ni haya:

- Atatumia njia ipi, na kwa nini hiyo kwa mpindo wangu?
- Nyuzi zitakuwa za kuyeyuka au za kudumu?
- Ataingilia wapi, na kama sijatahiriwa, govi litabaki?
- Natarajia kupoteza urefu kiasi gani?
- Mpindo ukirudi, hatua gani hufuata?

Swali la govi lina sababu. Mara nyingi daktari anakata kuzunguka chini ya kichwa, pale pale kwenye mstari wa tohara, na kuishusha ngozi ya uume mpaka shina ili aone utando wote. Kwa aliyetahiriwa, kovu jipya linajificha kwenye la zamani. Kwa ambaye hajatahiriwa, govi linaweza kuvimba sana na kubana baadaye, hivyo madaktari wengi hupendekeza tohara wakati huo huo. Kuna namna za kuliacha, ila lisemwe kabla. Si jambo la kulikuta limefanyika ukiamka.

Mwulize pia kuhusu hisia. Juu ya uume, chini ya ngozi, inapita mishipa ya fahamu inayokipa kichwa hisia zake, pamoja na mishipa ya damu. Kwa mwenye mpindo wa kuelekea chini, upande mrefu ni huo huo wa juu, kwa hiyo daktari analazimika kuinyanyua mishipa hiyo taratibu, au kushona katikati kabisa kwenye mstari ambao matawi ya fahamu ni machache. Kwa mwenye mpindo wa juu, nyuzi zinawekwa chini, kando ya mrija wa mkojo. Ganzi kidogo kwenye kichwa baada ya upasuaji ni jambo la kawaida na kwa wengi huisha ndani ya wiki au miezi. Ganzi ya kudumu si ya kawaida, lakini imo kwenye orodha ya hatari, na fomu ya ridhaa itaitaja.

Hatua ya 6: Jiandae

Acha sigara, angalau wiki nne kabla na baada. Moshi unabana mishipa midogo na kuchelewesha kidonda. Dawa za kupunguza kuganda kwa damu, pamoja na aspirini, zitaje zote kwa daktari na usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Taja pia dawa za mitishamba na za kuongeza nguvu za kiume. Hapa watu huona haya, na haya hiyo inaweza kuleta damu isiyokatika mezani.

Usijinyoe kwa wembe usiku wa kuamkia upasuaji. Mikwaruzo midogo ya wembe ni mlango wa vijidudu. Hospitali itapunguza nywele kwa mashine ikihitajika. Kwa kawaida utaambiwa usile kwa saa sita kabla, na maji safi uache saa mbili kabla. Andaa chupi za kushika vizuri, zisiwe za kubana wala kupwaya, na mtu wa kukurudisha nyumbani, maana wengi huruhusiwa siku hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Utapewa ganzi ya mgongo au utalazwa usingizi. Kuna mahali hufanywa kwa ganzi ya sindano kwenye uume peke yake. Utapewa pia dawa ya kuzuia maambukizi.

Baada ya ngozi kushushwa, linafanyika jambo ambalo upasuaji wote unalitegemea. Daktari anafunga mpira laini kwenye shina ili kuzuia damu kurudi, anachoma sindano nyembamba kwenye mmoja wa mihimili, na kusukuma maji ya chumvi yale yale ya dripu. Uume unasimama mbele yake na mpindo unajitokeza wazi. Mbinu hii ilielezwa mwaka 1974, na kabla yake kazi ilikuwa ya kukisia. Anaweka alama pale kona ilipo, anabana kwanza kwa muda ili aone, kisha anasukuma maji tena. Ukinyooka, anakaza nyuzi za kudumu. Ukibaki umepinda, anaongeza uzi. Ukielekea upande wa pili, anafungua na kuanza upya. Kisha maji mara ya mwisho, picha ya kumbukumbu, ngozi inarudishwa na kushonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka.

Utaamka na bandeji iliyozungushwa ikibana kiasi, na huenda ukakuta mpira wa mkojo ambao mara nyingi hutolewa kesho yake au kabla ya kuondoka.

Hatua ya 8: Wiki sita za kujizuia

Uvimbe na weusi wa ngozi vitakushtua siku ya pili na ya tatu. Uume unaweza kuwa mnene kuliko kawaida na rangi kushuka hadi kwenye korodani. Kwa kawaida hilo si la hatari. Ulaze uume ukielekea tumboni ndani ya chupi ili maji yasikusanyike chini. Barafu ukiitumia iwe ndani ya kitambaa, dakika chache tu, kamwe isiguse ngozi iliyo na ganzi. Bandeji hutolewa baada ya siku moja au mbili kulingana na maelekezo yako, na kuoga kwa maji ya kumwagika huruhusiwa baada ya hapo. Kulowa kwenye beseni au kuogelea kusubiri kidonda kifunge.

Kinachowasumbua watu zaidi ya kidonda ni usiku. Mwanamume mwenye afya husimamisha mara kadhaa usingizini bila kujua, na sasa kila mara nyuzi zinavutwa. Utaamka saa tisa za usiku na maumivu makali. Amka, kojoa, tembea chumbani, weka miguu kwenye sakafu ya baridi, na utalegea. Kula dawa ya maumivu kabla ya kulala husaidia, na kutokunywa maji mengi jioni pia. Baada ya wiki mbili hali hii hupoa sana. Ukishindwa kabisa, kuna dawa daktari anaweza kukuandikia za kupunguza kusimama huko. Kusimama kwenyewe hakukati nyuzi zilizowekwa vizuri. Kinachokata ni kuukunja.

Hivyo, hakuna tendo wala punyeto kwa wiki sita, hata kama kidonda kimepona wiki ya tatu na unajiona mzima. Ngozi hupona haraka. Utando wa ndani ndio unaochelewa, na hauuoni. Mwambie mwenzi wako namba hiyo kabla ya upasuaji, mkubaliane. Kazi ya ofisini unaweza kurudia baada ya wiki moja au mbili. Kunyanyua mizigo, baiskeli, pikipiki na mpira vingoje wiki nne hadi sita.

Rudi hospitali siku hiyo hiyo ukiona: homa, usaha au harufu mbaya, uvimbe unaoongezeka kwa haraka baada ya kuanza kupungua, kichwa cha uume kuwa cheusi au baridi, kushindwa kukojoa, au uume kusimama kwa zaidi ya saa nne bila kulegea.

Hatua ya 9: Kurudi kwenye tendo

Baada ya daktari kukukagua na kukuruhusu, anza polepole, kwa mikao ambayo wewe ndiwe unayeongoza kina na pembe. Mwenzi kuwa juu kuahirishwe kwa miezi miwili hivi ya mwanzo, maana huko ndiko uume hukunjwa kwa bahati mbaya. Mafuta ya kulainisha yanasaidia.

Wengi hukuta mpindo mdogo umebaki, digrii tano au kumi. Hiyo si kazi iliyoharibika. Daktari akikaza mpaka digrii sifuri kamili, wewe unapoteza urefu zaidi kwa faida isiyoonekana kitandani. Wengi wa waliofanyiwa huridhika, na kinachowaudhi wasioridhika mara nyingi ni urefu, mafundo ya nyuzi, au mpindo uliorudi.

Fundo linalochoma linaweza kutolewa kwa upasuaji mdogo baada ya miezi kadhaa, utando ukishashikana. Mpindo ukirudi wote ghafla, hasa ukisikia kitu kimeachia, ni uzi uliokatika. Usijaribu kuunyoosha kwa mkono. Piga zile picha tatu upya, zilinganishe na za mwanzo, na uende nazo. Kurudia upasuaji kunawezekana, na kwa kawaida daktari atataka angalau miezi kadhaa ipite ili uvimbe wa ndani uishe kabla ya kuingia tena.

Nguvu za kusimama zikipungua baada ya upasuaji, usikae nazo mwaka mzima ukijilaumu. Kwa kijana mara nyingi ni woga wa kuuharibu mshono, na vidonge vya kusaidia kusimama kwa muda mfupi, vikiandikwa na daktari, humrudishia imani. Ikiwa havisaidii, aombe kipimo cha mtiririko wa damu kwenye uume.